Kuvaa banzi na kuutunza mkono wenye maumivu ya shina la gumba: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kila wiki nakutana na mtu aliyepata banzi la gumba, yaani kifaa cha kufunga mkononi ili kulishikilia gumba, akalivaa siku tatu, akalitupia kwenye droo. Ukimuuliza sababu, majibu ni yaleyale: linabana, linanizuia kufanya kazi, nimelivaa na maumivu yako palepale. Kisha yanafuata maswali. Nilivae usiku au mchana? Laini au gumu? Nikilizoea, mkono hautalegea? Nimekuwa nikiyajibu kwa mdomo, mgonjwa mmoja mmoja, katika kazi yangu ya tiba kazi, yaani kumsaidia mgonjwa aweze tena shughuli zake za kila siku. Hapa nayaandika kwa mpangilio uleule ninaoufuata mgonjwa akiketi mbele yangu na kuweka mkono mezani.

Shika jambo moja tangu mwanzo: banzi la gumba (hospitalini wengi huliita splinti) halipo ili mkono ukae bure. Linashikilia shina ili ncha iweze kufanya kazi. Banzi linalokunyima kushika kijiko au kalamu lina kasoro mahali fulani, na kasoro hiyo mara nyingi hurekebishika.

Kinachouma ni nini hasa

Nikisema shina la gumba namaanisha pale chini kabisa, karibu na kifundo cha mkono, ambapo mfupa wa kwanza wa kiganja unakalia kimfupa kidogo kiitwacho trapezia. Mifupa hiyo miwili imepandana kama matandiko mawili ya farasi yaliyokingamana, na ndiyo maana gumba linaweza kwenda mbele, nyuma, pembeni na kuzunguka kuvikabili vidole vingine. Uhuru huo una gharama. Gegedu la kiungo hiki (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa) likianza kulika na kano zinazokishikilia zikilegea, mfupa wa gumba huanza kuteleza kidogo kutoka kwenye kiti chake kila unapobana kitu.

Kuna hesabu moja ambayo humweleza mtu kila kitu: ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya gumba, mzigo unaofika kwenye shina unakadiriwa kuwa karibu kilo 12. Kwa hiyo kugeuza ufunguo, kazi inayoonekana ndogo, kwa shina ni kazi nzito. Wanawake hupata tatizo hili zaidi kuliko wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi. Nadharia inatosha.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jibu la daktari au mtaalamu wa mikono kwamba tatizo ni kulika kwa kiungo cha shina la gumba.
- Daftari dogo na kalamu.
- Utepe laini wa kupimia, ule wa mafundi nguo. Ukikosa, uzi na rula vinafanya kazi.
- Mpira mwembamba wa kufungia karatasi, kwa ajili ya mazoezi.
- Glasi au kopo tupu linaloenea mkononi.
- Sponji yenye umbo la bomba, kama ile ya kuvika mabomba ya maji, au kitambaa na utepe wa kunatia, kwa ajili ya kunenepesha vishikio.
- Miezi mitatu ya subira. Nimeiweka kwenye orodha makusudi, na sababu utaiona kwenye hatua ya 6.

Usianze na mwongozo huu kama maumivu yalikuja baada ya kuanguka au kugonga mkono, kama kiungo kimevimba ghafla na ni chekundu na cha moto, kama una homa, au kama vidole vinakufa ganzi. Hayo yanataka daktari kwanza. Mvunjiko mdogo wa mfupa karibu na kifundo cha mkono unaweza kujificha kama maumivu ya gumba, na ukiufunika kwa banzi la dukani unaupa nafasi ya kuharibika.

Hatua ya 1: Thibitisha mahali panapouma

Weka mkono mezani, upande wa gumba ukielekea juu. Kwa kidole cha shahada cha mkono mwingine, fuata mfupa wa gumba kutoka katikati yake ukirudi kuelekea kwenye kifundo. Utafika mahali mfupa unapoishia na kuna kijibonde kidogo kabla ya kifundo kuanza. Bonyeza hapo taratibu. Kama ndipo penyewe, na kama kufungua kifuniko au kugeuza ufunguo huamsha maumivu hayohayo, basi maelezo yanalingana na shina.

Kama maumivu yako yapo juu zaidi, kwenye mishipa inayolivuta gumba (si ya damu) inayopita ubavuni mwa kifundo, na yanachoma ukikunja gumba ndani ya ngumi kisha ukainamisha kifundo upande wa kidole cha mwisho, huenda ni ala, yaani mfuko unaoizunguka mishipa hiyo ya gumba, iliyovimba. Hiyo hutokea sana kwa wazazi wanaonyanyua watoto wachanga, na banzi lake ni tofauti. Kama gumba linakwama likikunjwa kisha linafyatuka, hilo nalo ni jingine. Na kama viungo vingi vya mikono yote miwili huwa vigumu asubuhi kwa saa nzima au zaidi, mwambie daktari hivyohivyo, maana baridi yabisi ya rumatoidi hutibiwa kwa njia nyingine kabisa na haifai kucheleweshwa. Ugumu wa asubuhi unaotokana na kulika kwa kiungo kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa.

Onyo: usiusukume mfupa wa gumba na kuuzungusha kwa nguvu ili kusikia kama unasaga. Kipimo hicho kipo, lakini mwachie anayejua kukifanya. Wagonjwa wangu wengine walijipima nyumbani mara tano kwa siku, na wiki ikaisha kiungo kikiwa kimechokozwa kuliko kilivyokuwa.

Hatua ya 2: Andika siku saba za mkono wako

Kila jioni andika kazi tatu zilizouma zaidi siku hiyo na uzipe namba kuanzia 0 hadi 10. Usiandike “mkono uliuma”. Andika “kukamua kitambaa, 7”, “kuvuta zipu, 4”, “kushika simu nikisoma, 6”. Ndani ya siku saba utaona kazi zilezile zinajirudia. Hizo ndizo zitakazoamua banzi gani livaliwe na lini. Bila daftari hili, mtu huvaa banzi akiwa ameketi tu, kisha hulivua anapokwenda kufanya kazi kwa sababu linamkera. Yaani hulivaa kinyume.

Hatua ya 3: Chagua aina ya banzi

Aina ni nyingi madukani, lakini maamuzi ni mawili tu.

La kwanza ni urefu. Banzi fupi hukaa kiganjani na kulizunguka gumba, likiacha kifundo cha mkono huru. Banzi refu huvuka kifundo na kupanda kwenye mkono. Kwa watu wengi wenye tatizo la shina peke yake, mimi huanza na fupi. Hupunguza maumivu, na mtu hulivaa kweli kwa sababu anaweza kufanya kazi nalo. Refu nalitumia maumivu yakiwa makali sana kwa kipindi fulani, kifundo chenyewe kikiwa kinauma pia, au kwa kulala.

La pili ni ugumu. Banzi laini la kitambaa cha neoprini hutia joto, hukumbatia, na huruhusu mwendo kidogo. Banzi gumu la thamoplastiki (plastiki inayolainika kwa joto) hushika barabara na hutengenezwa kwa umbo la mkono wako. Mtu mwenye kazi nyepesi za mezani mara nyingi hutosheka na laini. Anayenyanyua, kusokota na kubana siku nzima atahitaji lenye uti mgumu, angalau saa za kazi. Wapo wanaovaa gumu mchana na laini usiku, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Nisimulie kosa langu hapa. Miaka ya mwanzo nilimtengenezea fundi cherehani banzi refu, gumu, safi kabisa, lililozuia kila kitu. Nililitazama nikaridhika. Alirudi baada ya mwezi akiwa hajalivaa hata siku moja kazini, maana hakuweza kuongoza kitambaa chini ya sindano. Tulilibadilisha likawa fupi, ncha ya gumba ikaachwa wazi, na akalivaa mwaka mzima. Tangu siku hiyo sianzi kukata plastiki kabla sijauliza mgonjwa anafanya kazi gani.

Hatua ya 4: Pima mkono, au mwache mtaalamu alifinyange

Kwa banzi la kununua, pima mzingo wa kifundo, mzingo wa kiganja chini ya vifundo vya vidole (gumba usilihesabu), na mzingo wa gumba katikati ya mfupa wake wa chini. Pima jioni kama mkono wako huvimba kidogo mchana. Kila mtengenezaji ana jedwali lake, kwa hiyo fuata jedwali la banzi unalolinunua na usidhani kwamba “la kati” la huku ni sawa na “la kati” la kule. Angalia pia kama ni la mkono wa kulia au wa kushoto. Nimeona zaidi ya mara moja mtu akivaa la upande mwingine na kulalamika kwamba gumba linavutwa vibaya.

Kwa banzi la kufinyanga, nenda kwa mtaalamu wa tiba kazi au wa mikono. Atachora umbo la mkono wako kwenye karatasi, atakata plastiki, ataiweka kwenye maji ya moto ya takriban nyuzi 65 hadi 70 mpaka ilainike, ataifuta maji na kuipima joto kabla ya kukuwekea. Kisha atalikalisha gumba mahali pake: mbele ya kiganja kidogo, kana kwamba umeshika glasi, kiungo cha katikati kikiwa kimejikunja kidogo. Ana dakika chache tu kabla haijaganda, hivyo tulia na usimsaidie kwa kusukuma gumba.

Onyo: usijaribu kufinyanga plastiki hii nyumbani kwa sufuria jikoni. Inaunguza ngozi, na gumba likigandishwa limelala pembeni au limebanwa kiganjani, banzi litasukuma shina mahali pabaya kila saa utakayolivaa.

Hatua ya 5: Likague likiwa mkononi, kabla hujaondoka nalo

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nami naiona kubwa kuliko zote. Likiwa limefungwa, fanya haya kwa mfuatano:

1. Kunja ncha ya gumba. Kiungo cha juu kabisa kijikunje bila kugonga ukingo. (Kikizuiwa, banzi ni refu mno upande huo, isipokuwa mtaalamu amekuambia ana sababu.)
2. Kunja vidole vinne vifike kiganjani. Ukingo wa banzi usivuke mkunjo wa kiganja ulio chini ya vidole.
3. Kwa banzi fupi, inua na inamisha kifundo. Kisikwaruzwe.
4. Gusa ncha ya kidole cha shahada na cha kati kwa ncha ya gumba.
5. Bana kitu chembamba, kalamu kwa mfano. Maumivu yawe pungufu kuliko bila banzi. Yakiwa yaleyale, banzi halijashika shina, linalizunguka tu.
6. Bonyeza ukucha wa gumba mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 au 3.
7. Likae dakika 20, kisha livue. Alama nyekundu itakuwepo. Ikifutika ndani ya dakika 20 nyingine ni sawa. Ikibaki, hasa juu ya mfupa, pahali hapo panahitaji kupanuliwa au kulainishwa.

Usiogope kurudi kwa aliyelitengeneza. Banzi kurekebishwa mara mbili au tatu ni jambo la kawaida kabisa.

Hatua ya 6: Lizoee polepole, kisha lipangie saa

Siku ya kwanza livae dakika 30 hadi saa 1, mara mbili. Kila siku ongeza saa moja au mbili ngozi ikiwa haina malalamiko. Ndani ya wiki moja utakuwa unalivaa kwa muda unaohitaji.

Baada ya hapo fungua daftari la hatua ya 2. Kazi zote zilizopata 5 au zaidi ni kazi za kufanya ukiwa na banzi. Livae kabla ya kuanza, usingoje mpaka mkono uanze kulia. Kazi nyepesi zifanye bila banzi, ili viungo vipate mwendo wake.

Na usiku? Kama unaamka na maumivu, au unalala umekunja gumba ndani ya ngumi, livae usiku, legeza mikanda kidogo. Na hapa ndipo ile subira inapohitajika. Utafiti mmoja wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2009, uliohusisha watu 112, uliwapa baadhi yao banzi la kuvaa usiku. Mwezi mmoja baadaye hapakuwa na tofauti ya maana ya maumivu kati yao na wasiovaa. Mwaka mmoja baadaye tofauti ilionekana wazi. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2018 kuhusu kulika kwa viungo vya mkono nayo inashauri banzi la shina la gumba litumike kwa muda mrefu. Mtu anayelitupa baada ya wiki mbili analihukumu kabla halijaanza kazi.

Onyo: usilivae saa 24 kwa wiki nzima bila kuambiwa. Livue mara kadhaa kwa siku, kunja na kunjua gumba, ukauke jasho. Na livue kabisa unapokaribia mashine inayozunguka, kwa sababu mkanda unaweza kunaswa. Kabla ya kuendesha gari nalo, hakikisha unaweza kushika usukani na kufikia kila kitufe bila kusita. Usipoweza, usiendeshe nalo.

Hatua ya 7: Mazoezi manne, na matatu ya kuacha

Wanaouliza kama banzi litalegeza mkono wana hoja. Jibu lake ni mazoezi. Fanya mara moja au mbili kwa siku, banzi likiwa limevuliwa, ikiwezekana baada ya kuchovya mkono kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10.

1. *Kulegeza panda.* Ule mnofu ulio kati ya gumba na shahada hukakamaa na kulivuta gumba kiganjani. Ukande kwa upole kwa sekunde 30 hadi dakika 1 mpaka uhisi umelainika. Kama gumba la mkono wa pili nalo linauma, usilitumie kubana. Tumia kitu cha mviringo, kama mfuniko wa kalamu nene, kusugulia panda taratibu.
2. *Umbo la glasi.* Weka ubavu wa mkono mezani. Peleka gumba mbele, mbali na kiganja, kana kwamba unataka kushika glasi, viungo vyote vikiwa na mviringo. Shikilia sekunde 5. Rudia mara 10. Ukishindwa kulipata umbo, shika glasi yenyewe au kopo tupu, kisha liachie bila kubadili mkono.
3. *Duara.* Gusisha ncha ya gumba na ncha ya shahada utengeneze duara zuri. Lisibonyee, liwe mviringo hasa. Kiungo cha katikati cha gumba kikirudi nyuma, umebana kwa nguvu mno. Mara 10.
4. *Shahada pembeni.* Vika mpira mwembamba kwenye shahada na kidole cha kati, weka kiganja mezani, kisha sogeza shahada kuelekea upande wa gumba. Msuli unaofanya kazi hapo husaidia kuukalisha mfupa wa gumba kwenye kiti chake. Shikilia sekunde 5, mara 10. Kama mpira ni mgumu, anza bila mpira.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, punguza idadi kwa nusu.

Sasa ya kuacha. Acha kubinya mpira wa mkononi kwa nguvu. Acha kubana vibanio vyenye springi kwa gumba na shahada. Acha kulivuta gumba ili lilie. La kwanza hupendekezwa kila kona na watu wenye nia njema, lakini kumbuka ile hesabu ya kilo 1 na kilo 12. Unajenga ngumi na kulisaga shina.

Hatua ya 8: Badilisha namna ya kushika vitu

Ningelazimishwa kuchagua kati ya banzi na hatua hii, ningechagua hatua hii. Kanuni yake ni fupi: kadiri kitu kinavyokuwa chembamba ndivyo gumba linavyobana, na kadiri linavyobana ndivyo shina linavyoumia. Kwa hiyo nenepesha vitu, tumia mkono mzima, na hamishia mzigo kwenye viungo vikubwa.

*Kalamu.* Ivike sponji mpaka iwe nene kama gumba lako au zaidi, na chagua inayotiririsha wino bila kukandamizwa. Unaweza pia kuipitisha kati ya shahada na kidole cha kati. Siku mbili tatu mwandiko utayumba, kisha unatulia.

*Ufunguo.* Ufungie kwenye kishikio kirefu au kipande kipana cha mbao kilichotobolewa, ili uuzungushe kwa kiganja.

*Vifuniko.* Weka chupa au kopo juu ya kitambaa kisichoteleza, weka kiganja juu ya kifuniko, zungusha kwa bega na mkono mzima. Kopo lililokaza sana liingize hewa kwanza kwa kuinua ukingo wa kifuniko kwa ncha ya kijiko, kabla ya kuhangaika nalo.

*Kisu na mwiko.* Nenepesha mpini. Kisu chenye makali hakihitaji nguvu, na kisu butu ndicho kinachoumiza gumba zaidi.

*Sufuria na vyombo.* Beba kwa viganja viwili, kimoja chini. Usiinue sahani kwa kubana ukingo wake. Telezesha unachoweza kutelezesha.

*Kukamua kitambaa.* Kizungushe kwenye bomba na ukisokote kwa kuvuta, au kikandamize kwa viganja viwili dhidi ya karai. Kwa wagonjwa wangu wengi hii ndiyo kazi inayoongoza daftarini, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kushuka namba.

*Simu.* Iweke mezani au kwenye kishikio, andika kwa shahada, au tumia sauti. Gumba linaloshikilia simu kwa saa nzima halipumziki hata kama mwenyewe umelala kitandani.

*Mifuko.* Pitisha kwenye mkono karibu na kiwiko, au begani.

*Kitabu.* Kiegemeze. Kukishikilia wazi kwa gumba moja katikati ya kurasa ni mateso ya kimyakimya.

Kisha kuna mapumziko. Kazi ndefu ikate vipande: dakika 20 hadi 30, halafu dakika chache za kuachia mkono. Kupumzika kabla ya maumivu kunaokoa muda mwingi kuliko kupumzika baada yake.

Hatua ya 9: Tunza banzi lenyewe

La thamoplastiki lioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Maji ya moto, dirisha lenye jua kali, ndani ya gari lililoegeshwa juani, karibu na jiko: kote huko litajikunja na kupoteza umbo. La neoprini lioshwe kwa mkono na kuanikwa kivulini likauke kabisa. Velkro (mikanda ya kunatia) zisafishwe nyuzinyuzi kwa mswaki mkavu. Banzi lililolegea limekoma kuwa banzi, hata kama bado umelizoea.

Mambo yakikwama

*“Linanichoma kwenye mfupa.”* Usijaze pamba chini yake. Pamba huongeza mgandamizo palepale. Mtaalamu apapashe joto na kupasukuma nje, au alainishe ukingo.

*“Vidole vinakufa ganzi au vinabadilika rangi.”* Livue mara moja. Legeza mikanda na ujaribu tena. Ganzi ikirudi, au ikija hata bila banzi, muone daktari, maana mshipa wa fahamu unaweza kuwa unabanwa kwenye kifundo.

*“Ngozi inawasha na ina vipele.”* Mara nyingi ni jasho na sabuni isiyosuuzwa. Vaa kisoksi chembamba cha pamba chini yake. Vipele vikifuata umbo la banzi hata baada ya hapo, huenda ngozi inakataa neoprini. Badilisha malighafi.

*“Shina limetulia, lakini kiungo cha katikati ya gumba sasa kinauma na kinarudi nyuma nikibana.”* Hili ni muhimu. Shina likikaza, kiungo kilicho juu yake hulipa kwa kujipinda kinyume. Banzi linalofunika shina peke yake halikutoshi. Unahitaji linalokishika na hicho kikiwa kimejikunja kidogo. Usikae nalo miezi mingi bila kuuliza.

*“Asubuhi baada ya kulivaa usiku gumba ni gumu.”* Maji ya uvuguvugu dakika 5, kisha zoezi la 2 bila nguvu. Ugumu ukizidi nusu saa kila siku, jaribu banzi laini usiku.

*“Nafanya kazi za maji.”* Omba plastiki yenye matundu na mikanda inayokauka haraka, au uwe na mabanzi mawili ya kubadilishana. Kuvaa glavu kubwa juu yake kunawezekana, lakini kausha ngozi kila baada ya muda.

*“Mikono yote miwili inauma.”* Anza na ule unaotumika zaidi. Mabanzi mawili kwa mpigo mchana huwashinda watu wengi, wakayaacha yote. Usiku unaweza kuvaa yote mawili.

*“Miezi mitatu imepita, nimefuata yote, namba daftarini hazijashuka.”* Rudi na daftari hilo. Kwanza kagueni banzi upya kwa hatua ya 5, kwa sababu mikono hubadilika na plastiki huchoka. Kisha zungumza na daktari kuhusu dawa ya kupaka ya kupunguza uvimbe, ambayo kwa mikono hujaribiwa kabla ya vidonge, na mpe orodha ya dawa nyingine unazotumia. Upasuaji upo kwa wale ambao maumivu yamewashinda baada ya njia hizi. Ulio wa kawaida ni kuondoa kile kimfupa cha trapezia, na mkono huchukua miezi kurudi kazini, tena kwa banzi na mazoezi. Ukifika huko, umbo la glasi na namna mpya ya kushika vitu utakuwa tayari unavijua, na mtaalamu wako ataanza na wewe kutoka hapo.